Msimu usio na doa katika daraja la pili

Katika kila mchezo uliogawanywa kwa madaraja kuna swali ambalo mashabiki hulikwepa. Timu ikishinda mechi zake zote katika daraja la pili, imeshinda nini hasa? Wapo wasemao kwamba imewashinda wanyonge wenzake tu, na kwamba sifa zake zisivuke mipaka ya mji wake. Wapo nao waaminio kwamba ushindi ni ushindi, na kwamba aliyemaliza msimu bila kushindwa hana deni kwa mtu. Swali hili limenishughulisha kwa muda, na mfano nitakaoutumia kulijibu nimeutoa mbali sana na hapa kwetu. Ni msimu wa 1983-84 wa hoki ya barafuni ya wanaume, daraja la pili la vyuo vya Marekani.

Najua kwamba mchezo wenyewe ni mgeni kwa wasomaji wengi. Hapa Nairobi uwanja wa barafu ulifunguliwa mwaka 2005 katika hoteli moja kando ya barabara ya Mombasa, na kutokana na uwanja huo ikazaliwa timu iitwayo Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hata hivyo, tulio wengi tumezoea magongo ya nyasini tuliyoyacheza shuleni. Naomba basi niueleze mchezo huu kwa ufupi, maana hoja yangu imeshikamana na namna unavyochezwa.

Kila upande huwa na wachezaji 6 uwanjani, mlinda lango akiwa mmoja wao. Huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kuteleza juu ya barafu kwa kasi ambayo mkimbiaji wa nyasini hawezi kuifikia. Badala ya tufe hutumika kisahani kigumu cha mpira mweusi, nacho hupigwa kwa gongo lililopinda nchani. Mechi ina vipindi 3 vya dakika 20 kila kimoja. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wachezaji hubadilishana bila kungoja filimbi. Kundi moja huingia, likacheza kwa muda wa dakika moja hivi au chini yake, kisha likatoka likihema, na jingine likaruka ukuta kushika zamu. Kwa sababu hiyo timu huhitaji wachezaji wapatao 20 walio tayari. Timu yenye nyota wawili au watatu pekee itapata taabu kushinda msimu mzima, kwani hata nyota huketi benchi kwa muda mrefu kuliko ule anaocheza.

Michezo ya vyuo vya Marekani husimamiwa kwa sehemu kubwa na chama kiitwacho NCAA. Ubingwa wake wa kwanza wa hoki ya barafuni ulichezwa mwaka 1948, na mwaka 1973 chama hicho kikavigawa vyuo katika madaraja 3. Daraja la kwanza lina vyuo vyenye uwezo mkubwa wa fedha na basari nyingi za wanamichezo. Daraja la tatu haliruhusu basari zitolewazo kwa sababu ya michezo. Katikati ya hayo mawili lipo daraja la pili, ambalo huruhusu basari kwa kiasi; mara nyingi mwanafunzi hupata sehemu tu ya karo, na iliyobaki huitafuta yeye na wazazi wake. Msomaji ataona kwamba mgawanyo huu ni wa fedha na ukubwa wa chuo. Hakuna aliyepima ustadi wa vijana kabla ya kuviweka vyuo vyao katika daraja hili au lile.

Ubingwa wa kitaifa wa hoki katika daraja la pili ulianza mwaka 1978. Wa kwanza kuutwaa walikuwa Merrimack, chuo cha Kikatoliki cha Massachusetts kilichofunguliwa mwaka 1947 kwa ajili ya askari waliorejea kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakitaka kusoma. Baada yao walikuja Lowell, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo hilo hilo, walioshinda mara 3, mwaka 1979, 1981 na 1982. Mankato State ya Minnesota ilishinda mwaka 1980, na chuo cha ufundi cha Rochester, kijulikanacho kwa herufi RIT, kikashinda mwaka 1983 kwa kuilaza Bemidji State katika fainali. Hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia, kwa waliolazwa.

Bemidji ni mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota. Mto Mississippi, ambao husafiri zaidi ya kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Mexico, huanzia karibu na hapo ungali mwembamba, ukalikatiza ziwa ambalo mji umejengwa kando yake. Jina la mji latokana na lugha ya Waojibwe, wenyeji wa nchi hiyo, na maana yake yahusu ziwa linalokatizwa na maji yapitayo. Wakati wa baridi kipimajoto huweza kushuka hata nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sufuri, na ziwa likawa sakafu ambayo watoto huchezea. Chuo chenyewe kilifungua milango yake mwaka 1919, na walimu wanaonisoma watafurahi kusikia kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunza walimu. Hakikujengwa kwa ajili ya kutafuta umaarufu wa michezo. Kilijengwa ili watoto wa wakulima na wakata miti wa kaskazini wapate wa kuwasomesha.

Kocha wa chuo hicho alikuwa Bob Peters, mzaliwa wa Fort Frances, mji wa Kanada ulio mpakani mwa Minnesota. Alifika Bemidji mwaka 1966 baada ya kufunza katika chuo kikuu cha North Dakota, chuo cha daraja la juu chenye jina kubwa katika hoki. Kwa macho ya wengi huko kulikuwa kushuka. Peters alikaa Bemidji hadi mwaka 2001, na alipostaafu alikuwa amefikisha ushindi zaidi ya 700 katika maisha yake ya ukocha. Kabla ya chuo chake kuingia katika mashindano ya NCAA, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa wa chama kingine cha vyuo vidogo mara kadhaa, ukiwemo mfululizo wa miaka 4 kuanzia 1968 hadi 1971. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Msimu wa hoki ya vyuo huanza Oktoba na kumalizika Machi. Kwa kawaida timu mbili hukutana Ijumaa usiku, na kurudiana Jumamosi katika uwanja ule ule. Mpangilio huo una ukatili wake. Aliyeshindwa Ijumaa ana saa 24 tu za kujisahihisha, na aliyeshinda ana saa hizo hizo za kujisahau. Baada ya hapo basi huondoka usiku, likapita nchi tambarare iliyofunikwa theluji, ndani yake vijana waliochoka wakiwa na vitabu mapajani, maana Jumatatu mhadhiri anawangoja. Katikati ya msimu kuna mitihani ya muhula, kuna homa za baridi na magoti yaliyoteguka. Hayo hurudiwa kwa miezi mitano.

Katika msimu wa 1983-84 Bemidji State ilicheza mechi 31 na ikashinda zote 31. Haikupata hata sare moja. Katika fainali iliishinda Merrimack, bingwa yule wa kwanza, na kuchukua ubingwa wa daraja la pili uliokuwa umewaponyoka mwaka uliotangulia. Msimu mpya ulipoanza waliendelea kushinda, mpaka mfululizo wao ukapita mechi 40. Katika kumbukumbu za hoki ya wanaume ya NCAA, daraja lolote lile, hakuna timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko hizo 31 katika msimu usio na kushindwa.

Na bado, mashabiki wengi wa hoki ya vyuo wakizungumza juu ya msimu mkamilifu, huutaja mwingine. Hutaja Cornell, chuo kikuu mashuhuri cha jimbo la New York, kilichoshinda mechi zake zote 29 katika msimu wa 1969-70 na kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza. Kwa hesabu Bemidji imeizidi Cornell kwa mechi 2. Kwa sifa imeachwa nyuma sana. Wazee wetu walisema kwamba maskini haokoti. Akiokota, huambiwa kaiba. Mtu wa daraja la pili akileta rekodi, swali la kwanza huwa ni nani aliyecheza naye.

Sitaki kulipuuza swali hilo, kwa maana lina haki yake. Wapinzani wa Cornell walikuwa wagumu zaidi kuliko wapinzani wa Bemidji. Walikuwa na wachezaji waliosakwa kutoka Kanada na Marekani nzima, viwanja bora na makocha wengi. Mtu akiniambia kwamba ushindi 29 dhidi ya hao una uzito kuliko 31 dhidi ya wengine, sitabishana naye. Wala sidai kwamba Bemidji ya mwaka 1984 ingeishinda Cornell ya mwaka 1970. Hakuna ajuaye, na hoja yangu haihitaji jibu hilo.

Ninachosema ni kwamba timu hizo mbili zilifanya mitihani miwili tofauti. Anayepambana na wakubwa kila wiki huamshwa na hofu. Mpinzani mwenyewe humlazimisha kuwa bora, kwa kuwa akilegea kidogo ataumbuka mbele ya watu. Aliye hodari katikati ya wasiofikia uhodari wake hana wa kumwamsha. Anaweza kucheza nusu ya uwezo wake na bado akashinda Ijumaa, akalala usingizi mzuri, akarudia vivyo hivyo Jumamosi. Ugonjwa wa timu ya namna hiyo ni ule tunaoujua sote: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa kawaida mahali fulani mwezi Januari, ugenini, mbele ya watazamaji wachache, timu hodari ya daraja la chini hupoteza mechi ambayo haikustahili kuipoteza. Hapo hapana siri. Ni kujisahau tu. Kucheza mara 31 bila kujisahau hata usiku mmoja ni kazi ambayo mpinzani hawezi kukufanyia. Kipimo hutoka ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, kwa kocha na kwa wachezaji wenyewe kwa wenyewe, nao wako 20, wakipokezana zamu kila baada ya sekunde kadhaa. Akijisahau mmoja, zamu yake huonekana.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Joel Otto, mzaliwa wa Minnesota. Timu za kulipwa za Amerika ya Kaskazini huwa na siku ya kila mwaka ambapo huchagua mamia ya vijana kutoka shule, vilabu na vyuo. Otto hakuchaguliwa na timu yoyote. Alicheza Bemidji miaka 4, akamaliza na msimu ule mkamilifu, kisha klabu ya Calgary Flames ikampa mkataba. Mwaka 1989 alinyanyua pamoja nao kombe la Stanley, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika hoki ya kulipwa, na mwaka 1998 akaichezea Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani. Simtaji ili niseme kwamba daraja la pili lina thamani kwa sababu lilimtoa mtu mmoja akaenda juu. Wenzake walio wengi hawakwenda popote palipoandikwa magazetini, na ushindi ule ni wao kama ulivyo wake. Namtaja kwa kuwa waliokuwa na kazi ya kupima vipaji walilitazama daraja lake na hawakumwona yeye.

Sasa nije kwa jambo linalonisikitisha katika historia hii. Ubingwa wa daraja la pili ambao Bemidji iliushinda kwa namna hiyo mwaka 1984 ulivunjwa baada ya msimu huo huo. Vyuo vya daraja la pili vyenye timu za hoki vilikuwa vichache, kwa kuwa mchezo huu ni wa gharama: barafu lazima itengenezwe na kutunzwa, na vifaa vya mchezaji mmoja vyatosha kuvalisha timu nzima ya kandanda. Vingine vilikuwa vinapanda daraja la kwanza, Lowell ikiwa mojawapo. Wakati huo ubingwa wa daraja la tatu ulikuwa umeanzishwa, na vyuo vilivyobaki vikaambiwa vikashindane humo. Mwaka 1985 Bemidji, bingwa asiyeshindwa wa mwaka uliopita, ilifika fainali ya daraja la tatu na ikashindwa na RIT. Mwaka 1986 ilirudi na kulitwaa kombe hilo.

Mwaka 1993 ubingwa wa daraja la pili ulirejeshwa. Bemidji ikaushinda mara 4, mwaka 1993, 1994, 1995 na 1997. Mshindani wake mkubwa alitokea mahali ambapo hakuna aliyetarajia barafu: Huntsville, katika jimbo la Alabama, kusini kwenye joto na mashamba ya pamba, mji ambao wahandisi wake walishiriki kuunda roketi zilizompeleka binadamu mwezini. Chuo kikuu cha mji huo kilitwaa ubingwa mwaka 1996 na 1998, na katika msimu wa 1995-96 hakikushindwa hata mara moja, kikiwa na ushindi 26 na sare 3. Mwaka 1999 bingwa alikuwa Saint Michael's, chuo kidogo cha Vermont. Tangu hapo ubingwa wa kitaifa wa hoki ya wanaume katika daraja la pili haujachezwa tena.

Waliouondoa hawakuwa na nia mbaya, na lazima niwatendee haki. Ubingwa wa taifa zima unaogombewa na vyuo vinavyohesabika kwa vidole ni vigumu kuutetea mezani, hasa mwenye kuutetea akiulizwa gharama. Lakini uamuzi wa mezani huangukia watu. Ngazi ikiondolewa kipago cha katikati, aliyesimama hapo ana njia mbili tu, kuruka juu au kuanguka chini. Vyuo vya daraja la pili viliambiwa, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba vitafute fedha za daraja la kwanza au vikubali kucheza bila kombe la taifa.

Bemidji iliruka. Ilijiunga na daraja la kwanza mwishoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 2009 ikaingia katika mashindano ya timu 16 bora za taifa ikiwa imepangwa ya 16. Katika mechi ya kwanza iliishinda Notre Dame mabao 5-1. Katika ya pili ilikutana na Cornell, ile ile ya msimu wa mechi 29, na ikaishinda mabao 4-1. Ilifika nusu-fainali mjini Washington, ikatolewa na Miami ya Ohio kwa 4-1. Wachezaji wa mwaka 2009 walikuwa bado kuzaliwa, au walikuwa wachanga, msimu wa 1983-84 ulipomalizika, kwa hivyo ushindi wao hauthibitishi lolote kuhusu mechi zile 31. Unaonyesha tu kwamba chuo kilichojifunza kazi kwa miongo kadhaa katika daraja la chini kilifika juu kikiijua kazi. Mankato, bingwa wa daraja la pili wa mwaka 1980, ilicheza fainali ya daraja la kwanza mwaka 2022. RIT ilifika nusu-fainali mwaka 2010. Wote hawa walipitia kipago kile.

Huntsville nayo iliruka. Iliingia mashindano ya taifa ya daraja la kwanza mwaka 2007 na 2010, na mwaka 2007 ililazimisha Notre Dame kucheza muda wa ziada. Lakini ligi zilibadilika, safari zikawa ndefu na gharama zikapanda. Mwaka 2020 chuo kilitangaza kuifuta timu, wapenzi wake wakachanga fedha kuiokoa, na mwaka 2021 ikasimamishwa kwa kukosa ligi ya kuipokea. Nikiwaza juu ya bingwa huyu wa mara 2 wa daraja la pili, hunijia methali ya waswali: usiache mbachao kwa msala upitao. Tatizo ni kwamba Huntsville haikuuacha mbachao wake kwa tamaa peke yake. Mbachao ulikuwa unakunjwa chini ya miguu yake.

Vyuo vichache vya kaskazini-mashariki havikuruka. Saint Anselm ya New Hampshire, Saint Michael's ya Vermont na Assumption ya Massachusetts viliendelea kucheza hoki ya daraja la pili. Kwa miaka mingi vilicheza katika ligi za pamoja na vyuo vya daraja la tatu. Msimu ulipokwisha, wenzao wa daraja la tatu waliweza kwenda kugombea ubingwa wa taifa, na Norwich iliutwaa mwaka 2000, 2003, 2010 na 2017. Wao wa daraja la pili walirudi nyumbani, hata kama waliwahi kumshinda huyo huyo aliyekwenda. Baadaye vilijitenga na kuunda ligi yao, yenye kombe lake la kanda, na hapo ndipo safari yao inapokomea. Mwaka 2024 chuo cha American International cha Massachusetts kilitangaza kwamba timu yake itatoka daraja la kwanza na kujiunga na vyuo hivyo vya daraja la pili, kwa sababu gharama za juu zimekuwa nzito mno. Hicho ndicho chuo kilichoiondoa St. Cloud State, iliyokuwa imepangwa ya kwanza, katika mashindano ya taifa ya mwaka 2019. Kwa lugha ya michezo huko ni kushuka. Mimi naona chuo kilichokagua kibindo chake na kuchagua kuwa na timu kuliko kuikosa.

Nimesema naandika kwa ajili ya swali, nami sina budi kulijibu. Timu iliyoshinda mechi zote katika daraja la pili imeshinda mtihani wa kutojisahau, na mtihani huo haupungui uzito kwa sababu watazamaji ni wachache. Daraja hutuambia fedha zilizokuwepo. Halituambii jinsi kazi ilivyofanywa. Anayetaka kujua jinsi kazi ilivyofanywa lazima atazame mechi zenyewe, moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya Jumamosi ya Januari ambayo hakuna aliyekuja kuitazama.

Walimu wenzangu wataelewa kwa nini jambo hili linanigusa. Kwa miaka mingi tumezigawa shule zetu kwa madaraja, na kila matokeo yanapotangazwa macho hukimbilia yale majina yaliyozoeleka. Kijana anayeongoza darasa lake katika shule ya kutwa isiyo na maabara ya maana hufanya mtihani ule wa Bemidji. Hakuna mwenzake wa kumfukuza kwa nyuma. Akipata alama 70 na wa pili wake akapata 50, kila mtu atampongeza, na pongezi hizo ndizo hatari yake. Anayeweza kumwokoa ni mwalimu atakayeisahihisha kazi yake kwa wino ule ule ambao angeutumia kama darasa lingejaa wenye 90, akamwonyesha kosa ambalo mshindani hakuweza kumwonyesha. Mwalimu wa namna hiyo hufanya kazi kubwa, naye apimwe kwa kazi hiyo, wala si kwa jina lililoandikwa langoni mwa shule.

Na wenye mamlaka ya kupanga madaraja, yawe ya michezo au ya masomo, wana la kujifunza kutokana na kombe lililofutwa mara mbili. Ni rahisi kuifuta ngazi ya katikati, kwa kuwa watetezi wake hawana sauti kubwa: walio juu hawaihitaji, na walio chini hawajaifikia. Hasara yake haionekani mwaka huo. Huonekana baadaye, chuo kama cha Huntsville kinapozima taa za uwanja wake wa barafu kwa kukosa mahali pa kucheza. Kabla ya kuifuta, heri wahesabu ni wangapi waliopanda kwa kuikanyaga, na ni wangapi wanaosimama juu yake kwa wakati huo, wakifanya kazi nzuri ambayo hakuna aliyewatuma kwenda kuitazama.